Mnyama Ana Mwenyewe

Mwaka 1954 kampuni ya Amboni, iliyokuwa na mashamba makubwa ya mkonge mkoani Tanga, ilifungua ranchi ya ng'ombe huko Mkwaja, kusini mwa Pangani, pwani kabisa. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: wakata mkonge wanahitaji kitoweo, na nyasi zipo. Ranchi ikachukua kilometa za mraba 462, na ng'ombe wakazidi elfu kumi. Kilichodharauliwa katika hesabu hiyo ni mbung'o.

Kwa miaka arobaini na kitu ng'ombe wa Mkwaja waliishi kwa sindano. Dawa ya nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, ilinunuliwa mwaka hadi mwaka, majosho yakajengwa, vichaka vikafyekwa ili mbung'o wakose kivuli, na vichaka vikarudi. Mgunga mmoja wa pwani, ambao wataalamu waliuita Acacia zanzibarica, ulizidi kusonga kila ulipofyekwa, mpaka malisho yakawa miiba. Mwaka 2000 wenye mali wakasalimu amri. Ng'ombe wakaondolewa, ranchi ikafungwa.

Ndipo wanyamapori wakarudi. Hawakupakiwa kwenye lori wala hawakuchomwa sindano ya usingizi, na hakuna waziri aliyekwenda kukata utepe. Watafiti wa chuo cha ETH cha Zürich, Uswisi, waliofanya kazi Mkwaja miaka ile ya mwanzo waliona jambo la kuchekesha kidogo: ngiri, kuro na tohe walipenda hasa pale palipokuwa maboma ya ng'ombe. Samadi ya miaka mingi ilikuwa imerutubisha udongo, na nyasi fupi zilizoota juu yake zilikuwa na lishe kuliko za porini. Ng'ombe walioshindwa na mbung'o waliwaachia wanyamapori meza iliyokwisha kuandaliwa. Mwaka 2005 Mkwaja ikaunganishwa na Pori la Akiba la Saadani na Msitu wa Zaraninge, ikazaliwa Hifadhi ya Taifa ya Saadani, yenye ukubwa wa kilometa za mraba zaidi kidogo ya elfu moja. Vipeperushi vya watalii havichoki kukumbusha kwamba ni hifadhi ambayo pori lake linagusa Bahari ya Hindi, na kwamba mwenye bahati anaweza kumwona tembo amesimama mchangani.

Kwa mtalii habari inaishia hapo. Kwa jirani wa hifadhi ndiyo kwanza inaanza.

Kurudisha mnyama mahali alipotoweka ni fani yenye sifa kubwa siku hizi, na mfano unaotajwa kuliko yote ni wa Marekani. Mbwa mwitu wa kijivu, yule wa nchi za baridi ambaye msomaji wa Biblia anamjua kama adui wa kondoo, alimalizwa katika hifadhi ya Yellowstone kufikia 1926. Serikali yenyewe ndiyo iliyolipa wawindaji. Januari 1995 serikali hiyohiyo iliwaingiza mbwa mwitu 14 waliokamatwa Alberta, Kanada, na mwaka uliofuata ikaongeza 17. Wafugaji walikwenda mahakamani. Shirika moja la uhifadhi, Defenders of Wildlife, lilikuwa limeona mbali: tangu 1987 lilikuwa na mfuko wa kumlipa mfugaji aliyepoteza ndama au kondoo kwa mbwa mwitu, kwa hoja kwamba anayetaka mnyama arudi ndiye atoe pesa, si yule ambaye zizi lake liko njiani.

Jimbo la Colorado lilikwenda mbali zaidi. Novemba 2020 lilipiga kura, wananchi wote, kuamua kama mbwa mwitu warudishwe. Waliokubali walishinda kwa upenyo mwembamba. Wengi wao walikuwa watu wa mijini, na wilaya za wafugaji zilizo magharibi mwa milima, ambako wanyama wangeachiwa, nyingi zilikataa. Desemba 2023 mbwa mwitu 10 kutoka Oregon wakafunguliwa milango ya kreti zao. Sheria ya huko inaruhusu fidia ya hadi dola 15,000 kwa mfugo mmoja. Kiasi hicho tukiweke pembeni, tutakirudia.

Tanzania nayo ina mifano yake. Mbwa mwitu wetu, wa mabaka, alitoweka katika Hifadhi ya Serengeti mwanzoni mwa miaka ya 1990, akabaki Loliondo, upande wa wafugaji. Kuanzia 2012 Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, TAWIRI, ilianza kuyakamata makundi yaliyokuwa yakigombana na wenye mifugo na kuyahamishia hifadhini. Mkomazi, upande wa pili wa Milima ya Usambara, faru weusi waliletwa kwa ndege kutoka Afrika Kusini. Yote hayo yana picha nzuri na wafadhili wenye majina. Saadani haina shujaa wala helikopta, na huenda ndiyo sababu haisimuliwi sana. Lakini swali ambalo Colorado iliwauliza wapiga kura wake, kwamba nani aamue na nani abebe mzigo, katika vijiji vya kando ya mito ya Wami na Mligaji, jirani na Saadani, halijapigiwa kura hata siku moja, na linajibiwa kila msimu wa mahindi.

Pwani hii ilimjua tembo kwanza kama mzigo begani. Bagamoyo ya karne ya 19 ilikuwa mlango wa pembe: misafara iliyotoka Unyamwezi na Ujiji ilishusha hapo, pembe zikavushwa kwa majahazi kwenda Unguja, na kutoka Unguja zikaenda kuwa vitufe vya piano na mipira ya biliadi ng'ambo. Saadani, kaskazini yake, ilikuwa mshindani. Ilikuwa na soko lake, njia yake ya bara na mtawala wake, Bwana Heri, ambaye Wajerumani walimpiga kwa mizinga kutoka baharini katika vita vya 1888 hadi 1890 kabla hawajamweka chini. Biashara ilipohamia Dar es Salaam, Saadani ikarudi kuwa kijiji cha wavuvi wa kamba na wachemsha chumvi, na pori likaisogelea.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 likatokea jambo ambalo wanaoandika juu ya hifadhi kama vile ni ubavu wa serikali peke yake hulisahau. Wazee wa Saadani wenyewe waliomba wanyama wao walindwe. Wawindaji kutoka nje walikuwa wakiingia na kuua bila kiasi, na wazee wakaona kwamba kama hapatawekwa mkono wa serikali hapatabaki kitu. Pori la Akiba lilianzishwa 1969, dogo, kwa maelewano na kijiji. Wazee hao hawakuwa wanakabidhi ardhi. Walikuwa wanatafuta mlinzi.

Mlinzi akageuka mwenye nyumba. Baada ya 2005, mipaka ya hifadhi mpya ilipochorwa, kitongoji cha Uvinje, kilichoko ufukweni na kikiwa sehemu ya kijiji cha Saadani, kilijikuta ndani ya ramani ya Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA. Shirika linasema eneo hilo lilikuwa sehemu ya pori la akiba tangu zamani. Wakazi wanasema halikuwa, na kwamba makubaliano ya wazee yaliacha makazi yao nje. Mgogoro huo umepita ofisi nyingi. Januari 2019 Rais John Magufuli aliagiza kwa nchi nzima kwamba vijiji vilivyomo kwenye maeneo ya hifadhi visiondolewe kabla ya kuangaliwa upya, amri iliyowapa pumzi watu wa sehemu nyingi. Ila pumzi si hati.

Haya yanahusianaje na tembo kula mahindi? Yanahusiana kabisa. Mtu aliyemwalika mgeni humvumilia mgeni akivunja kikombe. Aliyeambiwa kwamba nyumba si yake tena, na mgeni ndiye mwenyeji, atahesabu kila kigae.

Na vigae vipo. Mto Wami una mamba na viboko, na watu wa Matipwili na vijiji vingine vya kando huuhitaji mto huohuo kwa maji, samaki na bustani za kiangazi. Nyani na ngedere hushinda mashambani mchana. Nguruwe pori huja usiku. Tembo huja mara chache kuliko hao wote, lakini akija, kazi ya miezi minne inakwisha kwa usiku mmoja. Mkulima wa pwani hulinda akiwa juu ya dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, na silaha yake ni debe la kupiga, tochi, kelele na kukesha. Watoto hulala darasani kwa sababu usiku walikuwa kazini. Mama akipika dunguni, nyumba imehamia shambani, na nyumba iliyohamia shambani haina mlango.

Ubaya wa kukosa mlango ulionekana Rufiji, mkoa huuhuu wa Pwani, upande wa kusini wa Dar es Salaam. Kati ya Agosti 2002 na Aprili 2004 simba mmoja dume, kijana bado, aliua watu zaidi ya 30 katika vijiji kadhaa kabla askari wa wanyamapori hawajampiga risasi. Watu walimpa jina la Osama. Alipochunguzwa alikutwa na jipu kubwa kwenye jino, na kwa muda magazeti ya dunia yakafurahia habari ya simba aliyeumwa jino. Sababu kubwa zaidi ilikuwa nyingine. Mwaka 2005 Craig Packer na wenzake walichapisha katika jarida la Nature hesabu ya nchi nzima: tangu 1990 simba walikuwa wameua Watanzania wasiopungua 563 na kujeruhi zaidi ya 300, wengi wao kusini mashariki, wengi wakati wa mavuno. Mahali simba waliposhambulia sana palikuwa na nguruwe pori wengi na wanyama wengine wachache. Nguruwe alifuata mazao, mtu akaenda kulala shambani kumfukuza nguruwe, simba akamfuata nguruwe, akamkuta mtu. Na pwani, ambako wengi ni Waislamu na nguruwe haliwi, hakuna anayemwinda kwa ajili ya chungu.

Wakati wa Osama, kama wakati wa simba waliokula watu huko Njombe katika miaka ya 1930 na 1940, wapo waliosema huyu si simba wa kawaida, ni wa kutumwa. Msomi wa mjini husikia hapo ushirikina na kufunga daftari. Asifanye haraka. Anayesema simba ametumwa anatafuta mwenyewe: kuna mtu nyuma ya mnyama huyu, na mtu huyo ana la kujibu.

Sasa, kwa kulinganisha, tuutazame upepo.

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja na mrima. Unguja kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi, na kikavunja merikebu za Sultani Barghash bandarini. Bagamoyo kilibomoa misheni ya mapadri wa Roho Mtakatifu, iliyokuwa na miaka minne tu tangu ianzishwe. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na kwa sababu hiyo kitovu cha karafuu kikahamia huko hadi leo. Katika historia ya uchumi wa pwani ni siku chache zenye uzito kama ile. Lakini hakuna simulizi ya watu wa Bagamoyo kumdai mtu kwa sababu ya kimbunga. Waliomba dua, waliosalia na paa wakawapokea wasio na paa, majahazi yakaundwa upya.

Desemba 26, 2004, mawimbi ya tsunami yaliyoanzia Sumatra yalifika huku yakiwa yamechoka. Hata hivyo yaliua watu wapatao kumi nchini, wengi wao waogeleaji wa Dar es Salaam, na hapakuwa na mfumo wa kuwaambia watu watoke majini. Miaka ishirini baadaye mambo yalikuwa tofauti. Kimbunga Hidaya kilipokaribia, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilianza kutoa taarifa siku kadhaa kabla, boti za Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa, wavuvi wakavuta ngalawa juu, na tarehe 4 Mei 2024 kimbunga kikaingia Mafia kikiwa kimeanza kupungua nguvu. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati kutoka taifa hadi kijiji. Utekelezaji una mapengo, kila mtu anajua, lakini angalau siku hiyo simu ya mvuvi wa Bagamoyo ilikuwa na ujumbe kabla ya upepo.

Tembo hana ujumbe wa simu. Na kuna tofauti nyingine, iliyo kubwa zaidi. Upepo hauna mwenyewe. Tembo anaye.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inasema wazi kwamba wanyamapori wote nchini ni mali ya umma, na wako chini ya Rais kwa dhamana. Mwanakijiji hahitaji kuisoma. Ameshamwona jirani yake akipelekwa mahakamani kwa swala mmoja, naye akahitimisha kama mtu yeyote mwenye akili angehitimisha: hawa ni wanyama wa serikali. Na kwa mila ya mkulima yeyote, awe Mzigua, Mdoe au Mkwere, mfugo ukiingia shambani kwa mtu, mwenye mfugo huitwa, shamba hukaguliwa, hulipwa. Ng'ombe wa Mbarabaig akila mahindi ya Mkwere, baraza la kijiji linajua la kufanya, hata kama watu watatoleana maneno makali. Mfugo wa serikali ukila, hakuna baraza.

Kuna kanuni. Zilitungwa 2011, na pesa zake zinaitwa kifuta jasho kwa mazao na mifugo, kifuta machozi kwa majeruhi na waliofiwa. Watunga kanuni walikuwa makini kukwepa neno fidia, maana fidia inakiri deni. Kwa kanuni hizo, familia ya aliyeuawa na mnyama mkali ilipangiwa shilingi 1,000,000, aliyepata ulemavu wa kudumu 500,000, aliyejeruhiwa akapona 200,000. Mazao yalipangiwa kwa ekari kufuatana na umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi: kadiri lilivyo mbali ndivyo kiasi kilivyopanda, mwisho shilingi 100,000 kwa ekari, na si zaidi ya ekari tano. Shamba lililo ndani ya nusu kilometa kutoka mpaka halikupangiwa hata senti.

Ukisikiliza upande wa waliotunga, mantiki ipo. Hawataki mtu alime kwenye mdomo wa hifadhi kisha adai. Ukisikiliza upande wa pili, kuna vijiji ambavyo mpaka ndio ulioyafuata mashamba, si mashamba yaliyoufuata mpaka. Uvinje tumekwisha kuiona. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba amelima karibu mno ni kumcheza shere.

Na dola 15,000 za ndama wa Colorado? Kulinganisha pesa ya nchi tajiri na ya kwetu si haki, na si lengo hapa. Kinachostahili kulinganishwa ni mwendo wake. Mfugaji wa Colorado anamwita ofisa wa jimbo, mzoga unachunguzwa, na anayelipa ni idara ileile iliyomleta mnyama. Kwa mkulima wa Mkange, kijiji jirani na Saadani, askari wa TANAPA anayemwona kila wiki si mlipaji. Malipo yanatoka wizarani. Taarifa inaanzia kwa mtendaji wa kijiji, inakwenda kwa afisa wanyamapori wa halmashauri, tathmini inafanywa kama gari na mafuta vipo, na makaratasi yanapanda Dodoma. Mwenye tembo, mwenye bunduki na mwenye pesa ni watu watatu tofauti, na hakuna hata mmoja anayelala Mkange.

Mafuriko ya 2024 yalitoa ushahidi wa kushangaza kuhusu jambo hili. Mvua za El Niño zilizoanzia mwishoni mwa 2023 zilikuwa zimekwisha kuua watu 155 nchini kufikia mwishoni mwa Aprili, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge. Rufiji ilizama. Rufiji hufurika tangu enzi. Mashamba ya mpunga ya bonde hilo yanaishi kwa mafuriko. Lakini safari hii juu ya mto kulikuwa na Bwawa la Julius Nyerere, na mara moja lugha ikabadilika. Watu wakauliza nani alifungua maji, alifungua lini, na kwa nini hatukuambiwa mapema. TANESCO ikaeleza kwamba bwawa limepunguza mafuriko, halikuyasababisha, na kwamba bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Huenda hesabu zake ni sahihi. Lakini maji yalikuwa yamepata mwenyewe, na maji yenye mwenyewe hayavumiliwi kwa subira ileile ya maji ya Mungu.

Wahifadhi wengi hawajakubali kuliona hili. Husema jamii ielimishwe thamani ya wanyama, kana kwamba wazee wa Saadani walihitaji semina ili kuomba pori lao lilindwe. Uvumilivu wa jirani hauji kwa kupenda tembo. Unakuja akijua kwamba msiba wake una mtu wa kumjia asubuhi.

Zipo njia zilizofanya kazi, na zote zina sura moja: zinamweka mwanakijiji kwenye kiti cha mwenye mali. Kwenye maeneo mengi ya Tanzania wakulima wanazungushia shamba kamba yenye vitambaa vilivyochovywa kwenye oili chafu na pilipili ya kusaga. Tembo, ambaye pua yake ndiyo akili yake, huchukia. Kamba hiyo huhitaji kupakwa upya kila mvua inaponyesha, na hapo ndipo nyingi hufa: mwezi wa kwanza mradi unatoa pilipili, mwezi wa tatu pilipili ni ya mwanakijiji kununua. Huko Sagalla, karibu na Voi nchini Kenya, Lucy King na wenzake wa Save the Elephants walitundika mizinga ya nyuki kwenye waya kuzunguka mashamba. Tembo akisukuma waya, nyuki wanatoka. Wanne kati ya kila tembo watano waliokaribia walirudi nyuma, na asali ikauzwa. Kwa shamba la mihogo lililo peke yake porini, kilometa kutoka kwa jirani, mizinga kumi na kitu ni mtaji ambao mkulima hana. Kwa mashamba yaliyopakana, inawezekana.

Mfano ulio karibu zaidi hauhusu tembo, unahusu kasa. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, kilikuwa na mivinje na mchanga mpana, na kasa walikuja kutaga kwa wingi hata wataalamu wakakihesabu miongoni mwa mazalio makubwa ya Afrika Mashariki. Miti ikakatwa, mchanga ukaliwa na mawimbi, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kisiwa kikawa fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Kikatangazwa hifadhi ya bahari mwaka 1981, wakati ambapo karibu hapakuwa na kisiwa cha kuhifadhi, mfano mzuri wa serikali kufika mazikoni na dawa. Kasa hawakupata habari. Waliendelea kuja kutaga pale walipozaliwa, na mayai yakaoza kwa maji ya chumvi.

Wavuvi na watu wa hoteli za Ushongo, upande wa bara, wakaanza kuyahamisha. Yai la kasa haligeuzwi ovyo, na shimo jipya lazima lifanane na la mama kwa kina. Yakifukiwa vizuri, vifaranga hutoka baada ya karibu miezi miwili. Shirika la Sea Sense, lililoanzia Mafia mwaka 2001, lilifanya kazi kama hiyo mahali pengi pwani, likiwalipa walinzi wa vijijini kwa kila kiota kilichotolewa taarifa na kwa kila kiota kilichosalimika, na wageni wanaokuja kuangalia vifaranga wakaacha pesa kijijini. Madete, ndani ya Saadani, ni ufukwe mwingine wa kasa. Wako wazee waliokula mayai na nyama hiyo utotoni, na sasa wajukuu zao ndio wanaopiga simu wakiona alama za kasa mchangani. Kasa, kwa kweli, ana faida moja kubwa kuliko tembo: hali mahindi.

Kwa hiyo mtihani wenyewe uko nchi kavu, na mtihani huo sasa unaongezewa ugumu. Kusini mwa hifadhi kulikuwa na ranchi nyingine, Razaba, ambayo Serikali ya Zanzibar iliianzisha miaka ya 1970 kwenye hekta zipatazo elfu 28 za Bagamoyo. Nayo ilikufa, na katika miaka ya pori yake wanyama waliingia na watu waliingia. Kampuni ya EcoEnergy ilipewa sehemu kubwa ya ardhi hiyo kwa mradi wa miwa. Mwaka 2016 serikali ikaufuta, ikieleza wasiwasi juu ya wanyama wa Saadani na maji ya Wami. Miaka michache baadaye miwa ilipandwa hata hivyo, kwa eneo dogo zaidi, na kampuni ya Bagamoyo Sugar ya kundi la Bakhresa, iliyoanza kuzalisha sukari mwaka 2022. Nchi inahitaji sukari. Ila kupanda miwa kwenye njia ya tembo ni ukarimu ambao hata Amboni na ng'ombe wake hawakuufikiria. Barabara ya lami ya Bagamoyo, Saadani, Pangani hadi Tanga nayo inajengwa, na itapitisha malori mahali ambapo zamani palipita Land Rover moja kwa siku.

Magharibi kuna Wami-Mbiki, pori kati ya Chalinze na Mvomero, ambalo tembo hulitumia pamoja na Saadani kwa kuvuka mashamba na barabara kuu ya Chalinze kwenda Segera. Wami-Mbiki ilikuwa Jumuiya ya Uhifadhi: vijiji vipatavyo 24 vilitoa ardhi yao wenyewe, vikachagua viongozi, vikaajiri askari wao, na vikaahidiwa mapato ya uwindaji na utalii. Kama kuna mahali pwani hii palipojaribu kumfanya mwanakijiji kuwa mwenye mnyama, ni hapo. Wafadhili wa Denmark walipoondoka pesa zikakauka, mifugo na wachoma mkaa wakaingia, na mapato yaliyoahidiwa yalikuwa haba tangu mwanzo. Mwaka 2021 Wami-Mbiki ikapandishwa hadhi kuwa Pori la Akiba chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA. Askari wa serikali wana magari na bunduki ambazo askari wa vijiji hawakuwa nazo, na pori lenyewe huenda likapona upesi kama Mkwaja ilivyopona. Katikati ya mapori hayo mawili ya serikali, tembo anayetoka Wami-Mbiki kwenda Saadani anapita usiku kwenye ardhi ya vijiji vilevile ambavyo jana vilikuwa na hisa ndani yake, na leo vinajaza fomu.